Bosi anataka nisaini fomu za usalama ambazo si za kweli, na mzee aliyeumia ananiomba ninyamaze

Habari mama,

Naomba usiweke jina langu wala la shule wala la kampuni, juu site yetu ni ndogo na wa atachimenti ni mimi peke yangu, mtu akisoma tu atajua ni nani.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea afya na usalama kazini. Kwetu ni Luanda, Vihiga. Atachimenti nimefanyia kwa kontrakta mdogo anayekarabati reli ya zamani, ile inayotoka Nakuru ikipanda Molo na Mau Summit halafu inateremka Londiani na Fort Ternan hadi Kisumu, na kipande chetu sisi ni kati ya Koru na Muhoroni. Kupata haikuwa rahisi. Nilipeleka barua Kisumu, nikapeleka Nakuru, nikapeleka hadi Eldoret, wengine hawakujibu, wengine walisema nafasi zimejaa, mwishowe ni mjomba wangu alinisaidia juu yeye na supavaisa wanasali kanisa moja. Malipo hakuna, hiyo nilijua toka mwanzo. Mama anauza omena sokoni na alikopa kwa chama ndio nilipe chumba Muhoroni, nilipe bima ya ajali walioitisha, na ninunue buti za chuma juu bila hizo hauingii site. Hilo deni bado analipa.

Kazi yenyewe naipenda sana. Tunatoa mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli kuishikilia, yaliyoliwa na kutu tunaweka mengine, kokoto zinashindiliwa, reli zilizoisha zinakatwa zinabadilishwa. Gengi ni vibarua wa hapa hapa Muhoroni na Koru, wanalipwa kwa siku. Sasa reli haijafungwa, treni zinapita tukiwa kazini, si nyingi lakini zinapita, kwa hivo kanuni ni kwamba lazima mtu mmoja asimame mbali na bendera na firimbi, na kazi yake ni kuangalia treni tu, hafanyi kitu ingine. Sisi humwita mtu wa bendera. Shida ni kwamba watu hawatoshi, so mara kwa mara mtu wa bendera anaitwa aje ashike taruma na wenzake, na bendera inabaki imedungwa kwa kokoto kama mti.

Mwezi huu kuna siku walikuwa wanakata reli, ile mashine ya petroli ikianza hauskii hata mtu aliye kando yako. Injini ikatokea kwa kona, injini peke yake bila mabehewa, haikuwa kwa ratiba tuliopewa. Hapo kwa kona miwa imekua mirefu na inafika karibu na reli, hauoni kitu mpaka kiwe karibu. Dereva alikuwa anapiga honi, mimi niliskia juu nilikuwa nimesimama mbali kidogo, lakini wao hawakuskia. Nilipiga nduru nikakimbia nikipunga mikono, mmoja akainua kichwa, wakaruka wote. Mzee mmoja wa gengi, yule wa miaka mingi kuliko wote, aliangukia kokoto vibaya na goti likafura papo hapo. Injini ilipita ikasimama mbele kabisa. Supavaisa akaja akasema hapa hakuna ajali, mzee ameteleza tu, akampa pesa ya boda na ya dawa za kupunguza uchungu, na baada ya chai kazi ikaendelea.

Sasa nakuja kwa kile kinaninyima usingizi. Wakaguzi wa wenye kazi wanakuja kuangalia faili la usalama. Supavaisa ameniletea fomu za mwezi mzima nizijaze. Kuna mahali pa kuweka tiki kwamba mtu wa kuangalia treni alikuwepo, na inatakiwa tiki ya kila siku, hata ile siku ya injini. Chini kuna mstari wa jina langu na sahihi, imeandikwa imekaguliwa na. Karatasi za kikao cha asubuhi, kile cha kuambiana hatari za siku kabla ya kuanza, tayari zimejazwa na mtu. Nimeziangalia vizuri, sahihi za gengi lote zimepigwa na biro moja na mkono mmoja, hadi sahihi ya mzee iko kwa siku ambazo alikuwa nyumbani amelaza mguu. Hivo vikao tumefanya mara moja moja tu.

Bado sijasaini. Nimekuwa nikisema kichwa kinauma, mara nasema niko na ripoti ya shule, lakini sitaweza kusukuma hivo zaidi juu lekchara wangu anakuja kuniassess karibuni na supavaisa ndiye anajaza fomu yangu ya alama na kusaini logbuku. Na ameniambia nikimaliza shule nirudi, ataniangalilia nafasi. Mama, huyu mtu si mbaya. Amenifundisha kusoma ratiba ya treni, amenifundisha kupima geji, yaani upana kati ya reli mbili, siku sina pesa ya chakula ananinunulia. Anasema kila kontrakta anafanya hivi na mimi bado mtoto wa shule nitazoea, na eti hii si SGR, hapa treni ni za kuhesabu.

Kitu kilinimaliza ni mzee mwenyewe. Nilienda kumwona, akanishika mkono akaniambia, "Madam, wacha tu. Ukiandika watafunga site, na mimi nikionekana nimeumia hawataniita tena." Vijana wa gengi nao wameniambia hivo hivo, kwamba mimi nitarudi chuo na wao watabaki na njaa. Mjomba naye nikimgusia anasema nisimuaibishe kanisani.

Nikisaini najua nimedanganya, na ni kitu kile kile ninachosomea. Nikikataa nimepoteza atachimenti, mwaka, pesa za mama na jina la mjomba. Nikiripoti nimefukuzisha kazi watu maskini ambao hawajanikosea kitu. Niambie tu nifanye nini.

Mwenye Wasiwasi, Muhoroni

JIBU

Mwanangu,

Kabla ya yote asante kwa zile nduru ulizopiga. Umeandika hiyo sehemu haraka haraka kama kitu kidogo na ukaendelea na mambo ya fomu, lakini gengi zima liliruka kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja pale aliyekuwa anaangalia, na huyo mtu ni wewe, na haikuwa hata kazi yako. Pia nataka kukuuliza kitu ambacho hukusema. Wewe mwenyewe uko salama? Unatembea relini peke yako, unapima geji hapo hapo kwa kona yenye miwa? Mtu akiwa na mzigo wa kuwaza juu ya wengine anaweza kusahau kwamba hata yeye amesimama kwa reli hiyo hiyo.

Sitakuambia fanya hivi. Si kwamba nakwepa, ni kwa sababu wewe ndiwe utalala Muhoroni usiku wa leo na mimi niko mbali. Lakini naweza kukaa na wewe tuliangalie hili jambo polepole, maana naona umelifunga lote pamoja na ndio maana halibebeki.

Kwa vile nakuelewa, haya ni mambo matatu. Kuna sahihi yako. Kuna goti la mzee. Na kuna ile kona, ambayo kesho asubuhi itakuwa pale pale na miwa yake, na mtu wa bendera ameitwa kubeba taruma. Umeyaweka kama jambo moja lenye milango miwili, nisaini ama niripoti. Mimi naona kutosaini uongo na kwenda kuripoti ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anaweza kufanya kimoja bila kingine, angalau kwa kuanza.

Acha nianze na hiyo sahihi maana ndiyo iko mezani kwako. Ile karatasi haikuulizi kama kampuni ni nzuri ama mbaya. Inasema wewe ulikagua siku hiyo na ukaona mtu wa bendera. Je, kuna siku ulikagua kweli na ukamwona? Naamini zipo. Hizo unaweza kuzisaini na moyo mweupe. Kuna siku hukuwepo, kuna siku hakuwepo. Sasa kati ya kusaini zote na kukataa zote kuna nafasi kubwa ambayo sijui kama umeiangalia, ya kumwendea supavaisa na kumwambia, kwa heshima, hizi nimejaza kama nilivyoona, na hizi nimeacha wazi kwa sababu sikuona. Anaweza kukasirika, hiyo siwezi kukuficha. Anaweza kuchukua hizo ulizoacha akampa mtu mwingine asaini, na pengine hilo ndilo litatokea, halafu utabaki unajiuliza kama ulifanya kitu chochote. Lakini jina lako halitakuwa pale, na hiyo ina uzito wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ambayo nadhani mmeisoma darasani kuliko mimi, inahesabu kuandika uongo kwa makusudi kwenye rejista za usalama kuwa kosa, na siku mtu akifa kwa hiyo kona karatasi ya kwanza kutafutwa ni hiyo yenye mstari wa imekaguliwa na. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu umeambiwa kusaini ndiyo njia ya usalama kwako, na mimi sioni usalama wake.

Sasa hilo neno la supavaisa kwamba treni ni za kuhesabu. Kabla ya kukujibu nilimtafuta mzee mmoja wa Nakuru aliyestaafu kazi ya reli, nikamuuliza bila kumtajia mahali. Alinisikiliza akasema reli yenye treni chache ndiyo inaua watu wa gengi, maana sikio linazoea kimya, na kile kinachokuja bila ratiba, injini peke yake ama toroli ya ukaguzi, hakuna mtu anakitarajia. Tukapiga hesabu pamoja. Injini ikija kwa kilomita 40 kwa saa inakula kama mita 11 kila sekunde. Watu wanaokata reli wanahitaji kuzima mashine, kuinua vyombo na kutoka, tuseme sekunde 15 kama hakuna mzee kati yao. Uingereza kanuni yao ni kwamba mtu awe amefika mahali salama angalau sekunde 10 kabla ya treni kupita. Jumla sekunde 25, yaani yule mtu wa bendera lazima aione treni ikiwa karibu mita 280 kutoka kwa gengi. Wewe unajua kupima, amekufundisha yeye mwenyewe. Hapo kwa miwa mtu anaona mita ngapi?

Hicho kipimo kinaweza kuwa kitu cha kumpelekea supavaisa ambacho hakina lawama ndani. Si kumwambia umekosea. Ni kumwambia, nimepima hapa, tunaona mita kadhaa na tunahitaji 280, je, tunaweza kuongea na mwenye shamba akate miwa ya pembeni, ama tuweke watu wawili wa bendera wa kupokezana ishara, ama siku za kukata reli tuombe stesheni wafunge kipande kwa saa mbili? Mtu ambaye si mbaya, kama unavyosema, wakati mwingine anapewa njia ya kutokea na anaichukua. Na wakati mwingine haichukui. Utajua yeye ni yupi.

Na usifikirie huu uzembe ni wa vikontrakta vya huku kwetu. Tarehe 3 Julai 2019, pale Margam, Wales, wafanyakazi wawili wa reli waligongwa na treni ya abiria wakafa. Walikuwa kazini na mashine ya petroli yenye kelele, wamevaa vya kuziba masikio, na hakukuwa na mtu aliyewekwa kuangalia treni. Dereva alipiga honi. Soma tena barua yako mwenyewe uone ni kiasi gani mambo haya yamefanana, na hiyo ni nchi yenye wakaguzi na ofisi kila mahali. Huko wafanyakazi wa reli wana hata mahali pa kuripotia kwa siri, panaitwa CIRAS, tangu 1996, na bado watu wale walikufa. Kwa hivyo yule anayekuambia kila kontrakta anafanya hivi huenda anasema kweli kabisa. Lakini kuwa wengi wanafanya hakumwongezei mzee sekunde hata moja ya kuruka.

Nije kwa mzee, maana hapo ndipo moyo wako umekwama na hata wangu. Amekushika mkono akakuomba unyamaze. Hayo ni maombi ya mtu anayejua maisha yake kuliko mimi na wewe, na sitaki uyapuuze eti kwa sababu umesoma. Kibarua wa siku akionekana ana goti baya kweli anaweza kuachwa, hilo hajaliota. Lakini nataka uulize kama amewahi kuambiwa upande wa pili. Kuna sheria ya fidia ya kuumia kazini, hiyo WIBA ya 2007, ambayo inamtaka mwajiri amlipie matibabu mtu aliyeumia kazini, na inampa aliyeumia miezi 12 ya kuleta madai yake. Ili yote hayo yasimame kunahitajika kitu kimoja, kwamba aliumia kazini na inajulikana. Sasa hivi kwa karatasi mzee huyo hakuumia, aliteleza, tena kuna sahihi inayosema alikuwa kwenye kikao mzima kabisa siku ambazo hakuwepo. Goti likipona basi ni heri. Likikataa kupona, akiambiwa hospitali kuna mfupa ama nyuzi zimekatika, ataenda kwa nani na ataonyesha nini? Ule ukimya anaouomba unamlinda leo, sawa, lakini unamtoa mahali pengine ambapo labda hajui kwamba alikuwa na haki ya kusimama.

Hii haimaanishi uende ukaandike kwa niaba yake bila yeye kukubali. Goti ni lake. Pengine kinachokuhusu wewe ni kumweleza tu, kwa lugha yenu, bila kumsukuma, halafu umwachie. Na apimwe. Pesa ya boda na dawa za uchungu si kupimwa.

Vijana wa gengi wanasema ukiripoti site itafungwa. Inawezekana. Lakini inawezekana pia isifungwe, na hapo nadhani mmeogopa kitu kimoja tu kati ya viwili. Ofisa wa serikali wa usalama kazini anaweza kutoa notisi ya kurekebisha, yaani kampuni inapewa muda itengeneze kasoro, na anaweza kutoa ile ya kusimamisha kazi kama hatari ni kubwa na ya sasa hivi. Ya kwanza haimfukuzi mtu. Ya pili inaumiza, siku ambazo kazi imesimama kibarua hana cha kula, na sitaki kukudanganya kwamba kuna mtu atawalipa. Ni kitu cha kupima kwa uzito wake halisi, si kwa uvumi wa kwenye kivuli saa ya chai.

Kuhusu hilo la kuripoti serikalini kwenyewe sitasema mengi. Idara ya usalama kazini iko na ofisi Kisumu na Nakuru, na sheria inakataza mwajiri kumfukuza ama kumtesa mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Inasema pia mfanyakazi akiona hatari kubwa ya karibu amwambie msimamizi wake, na wasilazimishwe kurudi hapo mpaka irekebishwe. Lakini maneno yake ni mfanyakazi, na wewe wa atachimenti uko mguu ndani mguu nje, mtu mwenye wakili anaweza kukubishia. Sheria yote kwa jumla inamhusu kila aliye mahali pa kazi hata kama ni kwa muda mfupi, hilo lisikutoke akilini. Ukiripoti bila jina, jua kwamba kwa site yenye mwanafunzi mmoja jina litakisiwa siku hiyo hiyo. Nakuambia ili uchague ukijua.

Kuna mlango mwingine ambao barua yako imeupita kwa mstari mmoja, na mimi nimeurudia mara kadhaa. Lekchara. Umemweka upande wa wale wanaoweza kukunyima alama. Je, umeangalia ile fomu yenu ya alama vizuri? Vyuo vingi hugawa, kuna za supavaisa wa kazini, kuna za lekchara anayetembelea, kuna za ripoti na logbuku. Tafuta ujue za supavaisa ni ngapi kati ya zote, maana umeandika kama mwaka wako mzima uko mfukoni mwake na huenda si kweli. Na lekchara wa kozi ya usalama kuskia kwamba mwanafunzi anaambiwa asaini ukaguzi ambao haukufanyika, sidhani atakuona msumbufu. Anaweza kuongea na kampuni kama chuo, si kama wewe. Anaweza kukuhamishia mahali pengine umalizie wiki zilizobaki, na hilo lingekuacha na atachimenti yako hata kama mambo yameharibika Muhoroni. Anaweza pia, nisiseme uongo, kukuambia uvumilie maana chuo kinataka nafasi hapo mwaka ujao. Wapo wa hivyo. Ukimfikia kwa simu kabla hajafika site, mtaongea kwa utulivu kuliko mbele ya supavaisa akiwa amekaa hapo na fomu mkononi.

Kama gengi na ofisi kwa jumla wanafika watu 20, sheria inataka kuwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi pia. Uliza tu, kama mwanafunzi anayejifunza, nani anakaa kwa kamati. Jibu litakuambia mengi.

Nimewaza pia juu ya huyo supavaisa. Umesema mara nyingi kwamba si mbaya na mimi nakuamini. Mtu anaweza kukununulia chakula na bado akakuomba kitu ambacho hakupaswa kukuomba, na vyote viwili vikawa vya kweli. Kwa nini watu hawatoshi kwa gengi? Ni yeye alipunguza ama aliletewa bajeti hivyo? Naye ana bosi anayemwambia faili liwe safi. Ukienda kwake ukiwa umefikiria hilo utaongea naye tofauti na ukienda kama hakimu. Lakini wema wake usiufanye deni. Chakula alikupa kwa hiari, na wewe hukumwahidi jina lako kwa ajili ya sahani ya ugali.

Na mjomba. Ameogopa aibu ya kanisani, naelewa, yeye ndiye aliyekuombea nafasi. Sina hakika ameelewa ni nini kinaombwa lakini. Inawezekana ameskia kwamba mtoto analalamika juu ya kazi ngumu. Umemwambia kwamba ni sahihi yako kwa siku ambayo injini ilikaribia kuua watu? Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, uone atasema nini. Mama yako naye mbona hayuko kabisa kwa hii hadithi isipokuwa deni lake? Umeamua kwa niaba yake kwamba kitu kikubwa kwake ni zile pesa za chama. Labda. Mimi nina watoto, na kama ni mimi ningetaka kujua mwanangu anasimama wapi relini kabla ya kujua pesa zangu ziko wapi.

Kitu kidogo cha mkononi wakati unaendelea kuamua. Andika daftari lako mwenyewe, la nyumbani, uliyoona na tarehe na saa, bila kuongeza chumvi na bila kumshtaki mtu. Siku ya injini iandike yote sasa hivi kabla kichwa hakijaanza kuisahau, mlikuwa wapi, mashine gani, honi ilisikika na nani. Logbuku ya chuo ni kitu kingine, supavaisa anaisoma na kuisaini, kwa hivyo chagua utaandika nini humo, lakini usiandike ambacho hakikutokea. Kuhusu kupiga picha karatasi za ofisini, fikiria mara mbili na muulize lekchara kwanza, kampuni inaweza kuligeuza hilo kuwa kosa lako. Na ukiwa relini usiingie kwa kipande hicho cha kona kama mtu wa bendera hayuko mahali pake, hata ukiambiwa ni dakika moja. Hilo unaweza kulikataa leo bila kuamua lolote kati ya haya mengine.

Ukishaongea na lekchara niandikie tena, na uniambie kama mzee amepelekwa kupimwa. Hospitali wamuandikie kwamba ameumia kazini, na karatasi hiyo aiweke yeye mwenyewe, asimpe mtu wa ofisi.